Breki Ndizo Zinazokula Mafuta

Kwenye kioo cha nyuma cha Vitz, IST, Passo na Noah nyingi zinazopita katika barabara zetu kuna stika za maandishi ya Kijapani ambazo wenye magari hawazibandui wala hawazisomi. Ile yenye nyota nne inahusu moshi: gari linatoa uchafu pungufu kwa asilimia 75 kuliko kiwango kilichowekwa Japani mwaka 2005. Nyingine inahusu mfuko wako. Inasema gari limefikia shabaha ya ulaji wa mafuta iliyowekwa kwa ajili ya mwaka 2010, ambao kwa kalenda ya Wajapani ulikuwa mwaka wa 22 wa zama za Heisei. Zipo zinazoongeza kwamba shabaha hiyo imepitwa kwa asilimia 5, 10, hata 20.

Gari limeshuka melini, basi, likiwa na cheti chake cha ubahili mgongoni. Miezi michache baadaye mwenyewe yuko kijiweni analalamika kwamba linakunywa kupita kiasi. Anailaumu sheli kwamba imechakachua, anamlaumu aliyemuuzia, analaumu ukubwa wa injini ambao aliujua tangu siku ya kwanza. Mara chache huwa ana haki. Mara nyingi tatizo liko sehemu mbili ambazo hapendi kuzitazama: mguu wake mwenyewe na gereji anayoiamini.

Tuanze kwa kuwatendea haki Wajapani. Zile kilomita 18 kwa lita zinazoandikwa kwenye matangazo ya magari yaliyotumika zilipatikana maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya mitambo, injini ikiwa imeshapata moto na kiyoyozi kimezimwa. Kipimo kilichotumika miaka hiyo, maarufu kwa jina la 10-15, kilichukua dakika 11 tu, hakikuvuka mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na wastani wake ulikuwa chini ya kilomita 23 kwa saa. Hakikuwa na tuta hata moja, wala bodaboda anayekatiza. Hakuna mtu atakayepata namba hiyo kati ya Mbezi na Kariakoo, na anayeidai anajisumbua. Lakini kati ya namba ya maabara na ile ambayo watu wengi wanaipata barabarani kuna mwanya mpana, na sehemu kubwa ya mwanya huo inaweza kuzibwa bila kununua chochote.

Bei hatuna uwezo nayo. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati nchini, inatangaza bei kikomo za mafuta yanayopokelewa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na sisi tunasoma jedwali kutafuta mji wetu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000 na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni. Mwenye gari hakuwa na la kufanya ila kushukuru au kununa. Anachoweza kukipanga ni idadi ya lita.

Kijiko na nusu cha petroli

Kwa ajili ya hesabu tuseme lita ni shilingi 3,000 kamili. Lita hiyo moja ina nishati ya takriban megajuli 32, ambazo ni nyingi mno, lakini injini ya kawaida ya petroli ikiwa mjini haifikishi hata robo yake kwenye magurudumu. Inayobaki inatoka kama joto kwa njia ya rejeta na sailensa. Ndivyo injini zilivyoumbwa, tusigombane na hilo.

Ile sehemu ndogo inayofika kwenye magurudumu ina kazi tatu. Inasukuma hewa iliyo mbele ya gari, inashinda ugumu wa matairi kubingirika juu ya lami, na inalipa gari mwendo. Kazi mbili za kwanza zikishafanyika zimefanyika. Ya tatu ni tofauti, kwa sababu mwendo ni akiba. Gari likishakuwa katika mwendo, mafuta uliyoyachoma kulifikisha hapo bado yako nawe. Ukiachia mguu litaendelea kwenda mamia ya mita bila kukudai kitu. Unapokanyaga breki, akiba hiyo yote inageuzwa joto kwenye pedi na diski na kupeperushwa na upepo. Ulishainunua, ukaitupa, na mataa yakiwaka kijani unaenda kuinunua upya.

Thamani yake inahesabika. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,100 pamoja na dereva, likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, limebeba nishati iliyogharimu takriban mililita 20 za petroli, yaani kijiko kikubwa cha chakula na karibu nusu nyingine. Kusimama mara moja kutoka mwendo huo ni kutupa shilingi 60 na kidogo. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba, kwa hiyo gari hilohilo likiwa kwenye 120 limebeba mara nne: zaidi ya mililita 80, shilingi 250 hivi kwa kila kusimama. Mwenye Prado, inayozidi tani mbili, azidishe kwa mbili.

Shilingi 60 si hela ya kumnyima mtu usingizi. Ila anayetoka Kimara kwenda mjini na kurudi anakanyaga breki mara ngapi kwa siku? Mtazame dereva wa pupa aliye mbele yako kwenye foleni: nafasi ya mita 20 ikifunguka anairukia kama mwenye kuogopa kuibiwa, anafika, anabana breki, anasubiri, anarukia tena. Wewe ukiachia gari litambae na kuiacha nafasi mbele yako ijifungue na kujifunga yenyewe, mtafika pamoja. Tofauti ni kwamba yeye amenunua mwendo uleule mara kumi.

Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo imekuwa ikikusanya takwimu za jambo hili kwa miaka mingi, inasema uendeshaji wa pupa, yaani kukanyaga kwa nguvu, kukimbia na kufunga breki ghafla, unapunguza umbali unaopatikana kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za mjini. Hakuna plagi, oili wala kidude cha dukani kinachokaribia namba hizo. Na dawa yake ni macho. Dereva anayetazama gari la nne mbele yake, si taa za nyuma za gari la kwanza, anaona mataa yakibadilika mapema, anaachia mguu mapema, na mara nyingi anafika wakati magari yameanza kuondoka, hajasimama kabisa.

Barabara zetu kuu zimejengwa kana kwamba zinataka kuthibitisha hesabu hii. Kutoka Chalinze kwenda Morogoro kuna Ubena Zomozi, Bwawani, Mikese, Kingolwira. Kila kijiji na kibao chake cha 50, matuta yake, na mara kwa mara askari na tochi yake ya kupimia mwendo kivulini. Dereva anayekwenda 120 kati ya kijiji na kijiji, kisha akafunga breki hadi 50, anatupa takriban mililita 70 kila anapoingia kijijini. Anayekwenda 80 anatupa 23. Hapo sijahesabu upepo, ambao nao unakua kwa mraba wa mwendo: ukuta wa hewa unaousukuma ukiwa kwenye 120 ni mzito mara mbili na robo kuliko wa 80. Na dakika ambazo mwenye haraka amezipata? Nusu yake anazirudisha nyuma ya lori linalopanda kilima, nusu kwa mwenye tochi. Nimekuwa abiria wa watu wa aina hii mara nyingi, na ninachokikumbuka ni jinsi basi tuliloliovateki kwa mbwembwe lilivyotukuta tunanunua nyanya kando ya barabara.

Kuhusu kusimama bila kwenda, mambo ni mepesi zaidi. Injini ndogo ikiunguruma mahali pamoja inachoma kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa, na kiyoyozi kikiwa kimewashwa inaelekea huko juu. Trafiki akiwa amesimamisha upande wenu ili kupitisha upande mwingine, unajua kabisa kwamba zamu yenu iko mbali. Zima. Mafuta ya kuwasha upya injini ya kisasa yanalingana na yale ya kuunguruma kwa sekunde kumi hivi. Mwenye betri ya kusukumwa na majirani asinisikilize. Asubuhi nako, kuliacha gari liungurume robo saa uani eti injini ipate moto ni desturi ya enzi nyingine; nusu dakika inatosha, kisha ondoka polepole, injini itapata moto njiani.

Magari ya ofisi ni hadithi yake. Nje ya ukumbi wowote wenye semina utayakuta yamepangwa kivulini, injini zinaunguruma, madereva wamelaza viti, viyoyozi vinawapuliza kwa saa mbili wakimsubiri bosi. Siwalaumu sana madereva, kwa sababu joto la Dar es Salaam halina cheo, lakini natamani mkuu wa usafirishaji angekaa nao siku moja na kikokotoo.

Gia huru na mteremko

Dereva wa daladala ana kila sababu ya kubana mafuta. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, haijalishi abiria wamepanda wangapi, na mafuta yanatoka kwenye kile ambacho dereva na konda wangegawana. Ndiyo maana elimu kubwa ya kubana mafuta nchini imetoka kwao na kwa madereva wa malori, wakarithishana kwa mdomo. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ni nzuri. Somo lake moja, ambalo ndilo maarufu kuliko yote, halina faida na linaua: kuweka gia huru kwenye mteremko.

Lilikuwa na mantiki zamani. Datsun na Peugeot 504 zilikuwa na kabureta, na kabureta haina akili. Injini ikivuta hewa, mafuta yanafuata, hata kama dereva ameondoa mguu. Gari likishuka kwenye gia, injini ikizunguka kwa kasi, ilikuwa inavuta petroli ambayo haina kazi. Ukiweka gia huru injini inashuka hadi mzunguko wa chini, na mafuta yanapungua kidogo.

Kisha kabureta zikaondoka. Magari tunayoyaagiza leo yana vipulizia mafuta vinavyoamrishwa na kompyuta, na kompyuta hiyo inajua mguu wako uko wapi. Ukiwa kwenye gia, ukaachia kabisa pedali ya mafuta huku injini inazunguka juu ya mara 1,500 hivi kwa dakika, kompyuta inafunga vipulizia. Kabisa. Injini inazungushwa na magurudumu, nayo haili hata tone mpaka mzunguko ushuke karibu na ule wa kuunguruma. Ukiweka gia huru umeikata injini na magurudumu, kwa hiyo ili isizimike kompyuta inalazimika kuilisha. Yaani dereva wa leo anayeserereka kwa gia huru ili abane mafuta anachoma mafuta ambayo angeyapata bure kwa kutofanya lolote. Malori mapya ya dizeli yanafanya vivyo hivyo.

Gharama ya pili ndiyo kubwa. Kwenye gia, injini inalishikilia gari. Kwenye gia huru tani 30 za mzigo zinabaki mikononi mwa breki peke yake, na breki za lori zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto hadi zinakataa kushika. Hapo dereva anatafuta gia, na gia haiingii kwa sababu mwendo umeshazidi. Anayeijua Kitonga, au Sekenke, au miteremko ya kushuka Mbeya, amewahi kuona mabaki ya majaribio hayo korongoni. Kenya wana Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kipande kilichopata sifa mbaya kwa ajali za malori, na kuserereka kwa gia huru kukatajwa tena na tena miongoni mwa sababu zake. Bado ukikaa na madereva kwenye mapumziko ya safari utasikia kijana akifundishwa jambo hilo kama siri ya kazi.

Kwa gari dogo, kanuni ya mteremko ni fupi: achia mguu mapema, baki kwenye gia. Mwenye gari la otomatiki aache D ilipo.

Tukiwa hapohapo kwenye otomatiki, kuna kitufe kidogo pembeni ya mkono wa gia kinachowasha taa ya njano iliyoandikwa O/D OFF. Noah, Premio na Corolla nyingi zinacho. Kazi yake ni kulizuia gari lisiingie gia ya juu kabisa, na kinafaa unapopanda mlima mrefu au kushuka ukiwa na mzigo. Watu wengi wanakibonyeza bila kujua, au waliambiwa gari linakuwa na nguvu zaidi, na wanakwenda hivyo mwaka mzima injini ikilia kwenye lami iliyonyooka. Kama taa hiyo inawaka kwenye dashibodi yako sasa hivi, umepata faida ya gazeti la leo.

Kidude cha nchi za baridi

Mafundi wetu wana vipaji ambavyo Wajapani wenyewe wangevishangaa. Mtu anayeweza kufufua giaboksi chini ya mwembe, kwa spana alizochonga mwenyewe, anastahili heshima. Lakini gereji nyingi zina ugonjwa wa kuondoa. Kitu kikileta matatizo kinatolewa, gari linawaka, mteja analipa, na bili ya kweli inakuja sheli kidogokidogo bila mtu kuiunganisha na siku ile.

Themostati ndiyo mhanga mkuu. Ni kilango kidogo kati ya injini na rejeta ambacho kinabaki kimefungwa mpaka maji yafike nyuzi 80 na kidogo, ndipo kinafunguka. Kikizeeka kinakwama, injini inachemka, na fundi anakitoa kwa maneno ambayo wenye magari wengi wamewahi kuyasikia: "Bosi, hiki kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi." Mpya hakiwekwi. Feni nayo anaiunganisha moja kwa moja ili izunguke muda wote. Gari halichemki tena na kila mtu anafurahi.

Kinachotokea baada ya hapo hakionekani. Maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini inachelewa kupata moto, na kwenye barabara kuu yenye upepo inaweza isiufikie kabisa. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini ni baridi. Kompyuta, kama ilivyofundishwa, inaongeza mafuta, kwa kuwa injini baridi huhitaji mchanganyiko mzito. Oili nayo inabaki nzito kuliko inavyotakiwa. Gari linatembea siku zote kana kwamba limewashwa dakika mbili zilizopita. Ukilinunua gari lililotumika hapa nchini, muulize fundi wako kama themostati ipo, na usikubali jibu la kichwa, afungue.

Taa ya injini ya rangi ya chungwa inayowaka kwenye dashibodi ni mgonjwa mwingine anayeachwa bila tiba. Mara nyingi inatoa taarifa ya oksijeni sensa, kifaa kilichochomekwa kwenye bomba la moshi kinachopima oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Kwa kipimo hicho kompyuta inarekebisha kiasi cha mafuta mara nyingi kwa sekunde. Kikifa, kompyuta inakisia, na kwa kujihami inakisia kwa kuzidisha. Wamarekani haohao wanasema kutengeneza hitilafu kubwa ya aina hii kunaweza kuongeza umbali kwa lita hadi asilimia 40. Kuna watu wanaozoea taa hiyo kama walivyozoea saa ya dashibodi inayokosea. Ada ya kuchomeka mashine na kusoma kosa ni ndogo kuliko wanachokipoteza kwa mwezi. Na fundi akikushauri utoe masega ya kusafisha moshi kwenye sailensa ili gari "lipumue", kumbuka kwamba masega yana madini ya thamani na yana wanunuzi.

Oili inanigombanisha na mafundi kuliko kitu kingine. Kitabu cha gari kinasema 5W-30, au 0W-20 kwa yale mapya zaidi. Fundi anasema hizo ni maji, Tanzania kuna joto, weka oili nzito, namba 40 au 20W-50. Hajui, au hajali, kwamba nafasi za ndani ya injini hiyo zilichongwa kwa ajili ya oili nyepesi, na injini inapozunguka katika oili nzito inafanya kazi ya ziada kila sekunde. Hasara yake si kubwa, asilimia moja au mbili, ila unailipa kila kilomita. Injini iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi wa buluu, hiyo ina haki ya kupewa oili nzito, kwani imeshatoka kwenye kitabu. Ya kwako haijafika huko.

Upande wa pili nami niwatetee waliotuhumiwa bure. Tumeambiwa miaka nenda rudi kwamba filta chafu ya hewa inakula mafuta. Enzi ya kabureta ilikuwa kweli. Maabara ya Oak Ridge huko Marekani ililipima jambo hilo mwaka 2009 kwa magari ya petroli yenye vipulizia na kukuta ulaji haubadiliki kwa maana yoyote. Kinachopungua ni nguvu, kwa sababu kompyuta inapunguza mafuta sawasawa na hewa iliyopungua. Badilisha filta kwa ajili ya vumbi la Singida lisiisage injini yako, hiyo ni sababu ya kutosha. Kuhusu vidonge vya kutia tenkini, sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidude vya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, mamlaka ya mazingira ya Marekani imepima zaidi ya mia moja vya jamii hiyo na kukuta vichache mno vyenye faida, tena ndogo. Hela hiyo nunua themostati.

Matairi yana sifa kubwa kuliko faida yake, lakini ni kazi ya dakika tano. Kila kipimo kimoja cha upepo kinachopungua katika matairi yote manne kinakula takriban sehemu mbili za elfu za mafuta. Ukipungukiwa kumi ni asilimia mbili, na matairi yenyewe yanalika pembeni. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi 30 na kitu. Kijana wa pancha anayejaza kwa kupiga teke tairi hana habari nacho. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Jambo ambalo watu hawalipimi kamwe, na ambalo linaweza kula zaidi ya upepo, ni breki inayogoma kuachia. Ukifika nyumbani baada ya safari ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa inatoa moto kuliko wenzake, gurudumu hilo limekuwa likivutana nawe njia nzima.

Mzigo nao: kilo 45 za ziada ni asilimia moja hivi kwa gari dogo. Dumu la maji, jeki mbili na viatu vya harusi ya mwaka juzi kwenye buti vinajumlishana. Keria ya juu isiyo na kitu, kwa safari ndefu, ni adui mkubwa zaidi, maana inapigana na upepo. Kiyoyozi kitumie bila hatia kwenye barabara kuu, vioo vikiwa vimefungwa. Mjini kwa mwendo wa kinyonga, asubuhi kabla ya jua, vioo vinatosha.

Ya elfu kumi

Hakuna linalotuzuia kuona haya yote kuliko namna tunavyonunua mafuta. Tunafika sheli na kusema "weka ya elfu kumi". Tunanunua kwa shilingi, bei inabadilika kila mwezi, taa ya mafuta inawaka kabla hatujafika, na kesho tunaongeza ya elfu kumi nyingine. Kwa mtindo huo mtu anaweza kumiliki gari miaka mitano asijue linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Anajua tu kwamba "siku hizi linakula". Isitoshe, katika magari haya pampu ya mafuta imewekwa ndani ya tenki na inapozwa na petroli inayoizunguka. Tenki linaloishi kwenye taa ni pampu inayoishi kwenye joto.

Kujua ni rahisi. Jaza mpaka bomba la sheli likate lenyewe, sogeza kipima safari hadi sifuri, endesha kama kawaida mpaka tenki lifike nusu au robo, rudi sheli ileile na ujaze hadi likate tena. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Andika. Rudia mara tatu kabla ya kuamini, kwa sababu wiki ya foleni na wiki ya safari ya Dodoma hazifanani. Ukiwa na namba hiyo ndipo utaweza kumpima fundi: kama aligusa gari Jumamosi na namba ikaporomoka, una la kumwambia. Namba hiyohiyo itakuonyesha pia wiki uliyoendesha kwa utulivu.

Wapo walioamua kukimbia petroli yenyewe. Dar es Salaam foleni za kujaza gesi asilia, hasa za bajaji na magari ya abiria wa mtandaoni, zinaonyesha kwamba hesabu yao inakubali kwa anayetembea kilomita nyingi kila siku. Lakini gesi haibadilishi fizikia ya breki. Anayerukaruka kwenye foleni anatupa gesi badala ya petroli.

Waliolitatua hilo kwa kweli ni waliotengeneza magari ya mseto. Toyota walipotoa Prius mwaka 1997, ujanja wake mkubwa ulikuwa kukubali kwamba dereva hataacha kukanyaga breki. Ukikanyaga kwa kawaida, mota ya umeme inageuka jenereta, inalipunguza gari mwendo na kuirudishia betri sehemu ya ile nishati ambayo magari mengine yanaipeperusha. Injini inazimika yenyewe kwenye mataa. Ndiyo maana magari haya yanang'ara zaidi mjini kwenye foleni, mahali ambapo mengine yanaaibika.

Prius na Aqua zilizotumika zimeanza kuonekana kwenye yadi zetu, na maneno mengi yanayosemwa juu yake yanahusu betri na bei yake. Ni hofu yenye msingi. Kabla ya kulipia, kagua kitundu cha hewa kilichopo karibu na kiti cha nyuma. Ndicho kinachopitisha hewa ya kupoza betri, na vumbi likikiziba betri inafanya kazi kwenye joto mpaka inakufa kabla ya siku zake. Muulize muuzaji kilisafishwa lini. Akikuuliza kitundu gani, mpunguzie bei.